Nyuma ya Pazia la Kanga Mpaka Kirumi

Jamani, nimerudi. Tangu Jumatatu nimefungua cherehani yangu na hakuna aliyeniacha nishone hata mfuko mmoja wa shati. Huyu anauliza Bunda kukoje, yule anauliza Butiama tumeona nini, mwingine ananiangalia napita barabarani na mama yangu halafu anacheka kichinichini. Nimewaona. Basi nakaa naandika yote humu kwenye grupu letu la mafundi, mnasomeana wenyewe, halafu mtu asiniulize tena.

Mama mnamjua. Ndiye yule anayekaa kwangu Buhare, anayewaletea karanga za kuchemsha siku akijisikia. Daktari wa macho alisema jicho la kushoto limekwisha na la kulia linakwenda, dawa ni ya kulichelewesha tu. Tulipotoka pale mama hakulia. Alisema, "Kabla halijakwenda nipeleke nikauone mto Mara, pale Kirumi. Na tupite kwenye vimji vile tulivyokuwaga tunapita na baba yako." Kirumi ndipo ng'ombe za mahari yake zilipovuka kwenda kwa babu yangu, na yeye akavuka kuja huku kwa baba. Enzi hizo daraja hakuna, watu na ng'ombe wote wanavushwa na pantoni. Tangu baba afariki hajarudi hapo.

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe: mama auone mto jicho likiwa bado lipo. Shika hapo, maana kila aliyetuchelewesha alikuwa anachezea jicho la mama yangu.

Musoma kwenda Mugango

Gari ni Noa, na dereva anaitwa Wambura. Aliyeniletea ni Mama Neema, huyo anayeshona magauni ya harusi hapo pembeni yangu. Mama Neema, najua unasoma. Nakuambia mbele za watu: mimi na wewe hatujamalizana.

Tulianza vizuri kabisa. Mimi nimekaa mbele, gari si nimelikodi mimi, mama yuko nyuma na blanketi lake. Wambura ni mtu mzima, ana watoto, anaendesha kwa adabu. Nilikuwa nimeshaanza kumsifu moyoni. Hata Buhare hatujaimaliza, akageuza shingo akamuuliza mama, "Bibi, nyie ni watu wa ukoo gani?"

Mama akamtajia ukoo wa marehemu baba.

Gari likasimama hapo hapo barabarani. Bajaji iliyokuwa nyuma yetu ikapiga honi, mwenye bajaji akatutukana akapita. Wambura akazima gari. Alifungua mlango, akashuka, akaenda kusimama kwenye nyasi, kanipa mgongo.

"Ana nini huyu? Anaumwa?" nikauliza.

Mama akatoa kichwa dirishani. "Baba, mke wako umemtoa wapi?"

"Kwenu, bibi," Wambura akasema huku anaangalia nyasi. "Ukoo huo huo. Kiukoo, baba mkwe wangu na huyo mama aliyekaa mbele ni kaka na dada kabisa."

Mama Neema, wewe ni mtu wa Tanga, ngoja nikueleze ulichonifanyia. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono. Hawakai kiti kimoja na mwenzake. Hawali mmoja anamwona mwingine. Hawaitani majina wala hawatazamani usoni. Na shangazi wa mke ni mama mkwe, hakuna punguzo. Ila bibi wa mke, huyo ni mtani! Huyo anaitwa "mke wangu", anashikwa mkono, anachekwa, anacheka. Kwa hiyo kwenye gari nililolikodi mimi, dakika moja iliyopita nilikuwa bosi, sasa nimekuwa mtu wa kukimbiwa. Dereva nilimuuliza leseni. Ukoo sikumuuliza, na mtu wa Mara aliyezaliwa Mara anatakiwa kuuliza ukoo kabla ya leseni.

Nikasema turudi tutafute dereva mwingine. Mama akakataa katakata.

"Tukirudi leo hatutoki tena. Nakujua wewe. Utasema una sare za shule za kushona."

Basi nikahamishiwa nyuma. Mama akaja mbele. Halafu Wambura akamwomba mama kanga, na mama akatoa kwenye mkoba kanga YANGU mpya, doti niliyoinunua Krismasi, wakaifunga katikati ya gari kama pazia. Nilisafiri mkoa mzima nikiangalia maua ya kanga yangu mwenyewe. Kama nataka kuona nje, kuna dirisha moja la pembeni.

Mugango tulifika jua limeshakuwa kali. Ziwa lilikuwa limetulia, dagaa wameanikwa mpaka hakuna pa kukanyaga, na harufu yake mnaijua. Nilitaka nimshike mama mkono nimshushe mpaka majini. Nafungua mlango, nasikia, "We gari, mwambie mama asubiri kwanza nipite."

Nikashangaa. "Unaongea na nani?"

"We gari, mwambie mama naongea na wewe."

Ndiyo, jamani. Kwa kuwa mkwe hawezi kunisemesha, na mama alikuwa ameshasogea mbele, alikuwa anaongea na gari ili mimi nisikie. Akaenda akamshika mama mkono yeye, wakashuka wawili mpaka kwenye maboti. Nilipowafuata, Wambura akakimbia akajificha nyuma ya boti lililopinduliwa. Nikirudi nyuma, anatoka. Nikisogea, anajificha. Wanawake wanaoanika dagaa walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Mwishowe nikakaa mbali na sahani yangu ya sato na ugali wa muhogo. Mama alikula samaki wake kule kwenye maboti, na Wambura akawa anaongea bila kumeza mate. Boti la bluu linaingia. Mtoto anaogesha mbwa. Yule mwanamke aliyevaa kitenge cha njano amemwaga ndoo. Yaani anatangaza kama mpira wa redioni! Nikamwambia mama baadaye, huyu mtu wako ana mdomo. Mama akasema, "Mwache mume wangu aseme."

Mume wangu. Mimi nimelipuuza. Nilikuwa na hasira za kutosha tayari.

Mugango kwenda Bunda

Njia ya kutoka Mugango kwenda kuikuta lami ni vumbi tupu, na pazia linazuia upepo wa mbele. Kule mbele wanacheka. Nasikia Wambura, "Mke wangu, kuna vijito viwili vimekauka, sasa kuna cha tatu, hiki kina maji, ng'ombe wanakunywa, mmoja ni mweupe ana doa la shingoni." Mama anauliza pembe zikoje. Wambura anamweleza pembe. Nikapiga ubao wa mlango nikasema kwa nguvu, "Mjue na huku nyuma kuna mtu anakula vumbi!" Wakacheka zaidi.

Bunda njaa ilituuma wote. Pale stendi nikaona mahali pazuri wanauza kichuri, ile supu yetu ya nyama yenye uchungu wa utumbo, na harufu ilitoka mpaka barabarani. Nikaagiza mabakuli matatu. Nageuka, hawapo. Wambura kamchukua mama na bakuli la kwanza wakaenda kulia garini, maana mkwe hatakula macho yangu yakiwa hapo. Nimebaki mezani peke yangu na mabakuli mawili yanatoa moshi.

Mama ntilie akaniangalia kwa huruma. Akavuta kiti. "Amekuacha, eeh?"

"Nani?"

"Mzee. Nimemwona ameingia kwenye gari na yule mwingine." Akanishika bega. "Usilie, mama. Kula. Wanaume wa siku hizi hata aibu hawana, tena yule mwanamke mwenyewe ni mzee kuliko wewe!"

Nilimweleza yote, mkwe, shangazi, pazia, na mama yangu mzazi. Alisikiliza vizuri sana. Nilipomaliza akaniongezea nyama bure akasema, "Pole. Mimi wangu aliniacha Shirati." Hakuniamini hata kidogo.

Kulala ndiyo kabisa. Nilipata gesti safi, vyumba vitatu. Wambura akaliambia gari limwambie mama hawezi kulala paa moja na mimi. Akaenda kwa ndugu zake upande wa Balili, akaahidi asubuhi na mapema atakuwa mlangoni.

Asubuhi na mapema nipo mlangoni. Mama ameshaoga, amevaa, ameshika mkoba. Jua likatoka, likapanda. Gari hakuna. Napiga simu, Wambura hapokei, kwa sababu kupokea simu ya mama mkwe ni kumsemesha mama mkwe! Ikabidi mama apige kwa simu yake, na alipiga mara mbili akigusa pasipo, mpaka nikambonyezea mimi. Huko Balili walikuwa wamemchinjia kuku na hawamruhusu mgeni kutoka bila kumla. Alifika mafuta ya kuku bado yako mdomoni. Niliongea maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu Mama Mchungaji yuko kwenye grupu. Nikaliuliza gari kama linajua jicho la mama halisubiri kuku.

Wambura alipangusa mafuta mdomoni. Aliinamisha kichwa kwenye usukani. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hebu panda twende."

Bunda kwenda Butiama

Butiama mmeshaisikia maisha yenu yote, sina haja ya kuwaeleza. Watu wanatoka mbali kuja kuzuru makumbusho na kupiga picha. Mama hakutaka makumbusho. Alitaka mawe. Kuna yale majabali makubwa yaliyobebana yenyewe kwa yenyewe kilimani, na baba alikuwaga anampumzisha hapo wakitokea kwa ndugu.

Tulikosea njia tukaingia kwenye shamba la mtu. Mwenye shamba, mama mmoja mnene amejifunga kitenge kifuani, akatoka na jembe. Alipoona Wambura ananikimbia kwenye mihogo akadhani ni mwizi namfukuza mimi, naye akaanza kumkimbiza! Mimi napiga kelele, "Siyo mwizi, ni mkwe!" Aliposikia "mkwe" alisimama pale pale, akashusha jembe, akageukia upande mwingine kwa heshima ili na yeye asimtazame. Halafu akatuletea uji wa mtama. Yaani huyo ameelewa bila hata maelezo, na mimi niliyekodi gari ndiye niliyeonekana mwendawazimu shambani.

Kwenye mawe nilimwona mama kwa mbali. Alikuwa ameshika mkono wa shati la Wambura kwenye kiwiko, na mkono mwingine ameuweka juu ya jabali, kiganja chote, anaupitisha taratibu. Wambura anatangaza: hapa pana ufa, hapa mti umeota juu ya jiwe, kuna mjusi mwekundu kichwa, kakimbia. Mama akauliza, "Lile dogo la kukalia bado lipo?" Wambura akamzungusha akamkalisha. Jiwe lenyewe lilikuwa hatua moja mbele yake.

Nililiona hilo. Nikasema moyoni, huyu mama anadeka. Nyumbani kwangu anafagia mwenyewe, anachambua mchele, anakwenda chooni usiku bila taa, hapa kwa mume wake mpya anashikwa mkono kama bibi harusi. Niliumia. Sikuja kumleta mama yangu kwenye mawe ya baba yangu ili mtu mwingine ndiye amwonyeshe. Nilitaka niwe mimi. Nilitaka auone mto akiwa ameshika mkono wangu, ili siku jicho likizima awe anakumbuka ni mimi niliyekuwa hapo.

Nikamwambia hivyo hivyo alipopanda gari. "Mama, mtoni nakushika mimi. Huyu abaki juu na gari lake waongee."

Nyuma ya kanga mama akauvuta mkoba wake. "Haya," akasema.

Butiama kwenda Kirumi

Tulitokea Makutano tukashika barabara ya Tarime. Mara nikaanza kuona mafunjo, kijani mpaka macho yanachoka, na vijana kando ya barabara wamening'iniza kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka. Daraja likatokea. Jua lilikuwa bado lipo, tena zuri lile la jioni. Nikasema asante Mungu, pamoja na kuku wao wote tumewahi.

Kushuka mtoni sasa. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ni tope jeusi la kunasa. Nilimshika mama, tukapiga hatua chache, mguu wangu ukazama mpaka kwenye goti na mama akayumba karibu anivutie chini. Kiatu changu kimoja kipo kule mpaka leo. Wambura akaja mbio, akasimama upande wa pili wa gari.

"We gari, mwambie mama nitambeba bibi mgongoni. Ila itabidi nikunje suruali."

Mnaelewa maana yake? Mkwe akikunja suruali juu ya magoti, mama mkwe haruhusiwi kumwangalia. Kabisa. Kwa hiyo mimi, niliyehangaika mkoa mzima kwa ajili ya dakika hii moja, ilibidi nigeuke niupe mto kisogo. Nilisimama kwa kiatu kimoja nikiangalia mlango wa Noa. Niliona sura yangu kwenye kioo, imevimba. Sikuona mama alivyofika majini, wala sikuuona uso wake. Nilisikia tu sauti ya Wambura huko chini, sasa anatangaza polepole, siyo kama mpira tena: maji yamejaa, mekundu ya udongo, yanakwenda kushoto, ndege mweupe amesimama kwenye funjo. Mama akauliza kitu, Wambura akajibu, "Ndiyo, bibi. Ipo."

Waliporudi Wambura alishusha suruali akakohoa, nikageuka. Miguu ya mama ilikuwa inachuruzika maji. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Nimeuona, mwanangu," akasema. "Haukubadilika. Na pantoni imejaa ng'ombe mpaka ukingoni, zile nyekundu, kama zangu."

Lori lilikuwa linapita darajani, juu ya vichwa vyetu, linatetemesha kila kitu.

Nilinyoosha mkono wangu mbele ya macho yake, nikaupeleka kushoto, nikaupeleka kulia. Mama alikuwa anatabasamu kuelekea mahali nilipokuwa nimesimama mwanzo.

Wambura alisogea akaweka kiganja juu ya boneti. "We gari. Mwambie mama, bibi alishaniambia tangu Mugango. Hata hilo jicho la kulia lilikwisha kabla hatujaondoka. Alinikataza nisiseme."

Jamani, nilifoka! Nilimfokea mama pale pale mbele ya wauza kamongo. Kwa nini hakuniambia mimi, mwanawe, ninayelala naye nyumba moja, akamwambia mtu wa siku moja? Tangu lini? Na mchele anauchambua na nini?

"Kwa vidole," mama akasema. "Na nyumba yako naijua. Ningekwambia, ungesema sasa twende kufanya nini."

Nikafungua mdomo nimkatalie. Lakini ndivyo ningesema, herufi kwa herufi. Ningempeleka hospitali tena, ningerudi kwenye sare za shule. Na hilo ndilo liliniudhi kuliko kuku, kuliko pazia, kuliko kiatu.

Nikamgeukia Noa. "We gari," nikasema, huku nalia na kamasi zinanitoka, "mwambie huyo mkwe asante. Halafu mwambie hiyo pantoni amedanganya."

Wambura akaliambia gari, "Mwambie mama, aliniuliza kama ipo. Ningemjibu nini?"

Kirumi kurudi Musoma

Tulirudi hivyo hivyo, mama mbele, mimi nyuma, kanga katikati. Wambura alikuwa amechoka kuongea, sauti imekauka. Tukaenda, tukaenda, nikasikia mama anagusa kanga kwa upande wake.

"Huko nyuma, dirishani kwako, kuna nini?"

Nilikuwa bado nimekasirika. Nikamjibu, "Mahindi."

"Yamefika wapi?"

"Kiunoni. Hapana, hapa mafupi, hawakupalilia. Kuna mbuzi wawili. Kuna baba anasukuma baiskeli ina mkungu wa ndizi, tairi limeisha upepo, anaongea peke yake."

"Anasema nini?"

"Nitajuaje, mama!" Lakini nikamwambia. Nikatunga alichokuwa anasema, nikamtajia rangi ya shati lake, nikamtajia jua limefika wapi, mpaka tukaingia Musoma koo linauma.

Kwa hiyo nyie mnaocheka, ndiyo maana mnaniona asubuhi natoka Buhare nimeshikwa mkono wa blauzi na mama, naongea njia nzima kama mwendawazimu. Mama Neema, leo nimemwambia umevaa lile gauni la kijani linalokubana. Amecheka sana, akaniuliza na zipu imefungwa mpaka wapi.